Nukta Nne za Pene-Kalanda

Consolée alikuwa akiwapikia watu wa barabara. Mradi ulikuwa umepanga nyumba yenye baraza ndefu, si mbali na soko la Kasongo, na humo walikaa mafundi waliotumwa kuipima njia ya zamani inayopita Lusangi hadi Kabambare, kisha Salamabila kwenye dhahabu. Walisema wanakuja kuifufua. Watu wa Kasongo walikuwa wameshalisikia neno hilo mara nyingi. Waliitikia kwa adabu, wakaendelea kusukuma baiskeli zao kwenye matope.

Fundi mmojawapo aliitwa Iliasi, topografe, yaani mpima ardhi, mtu wa miaka hamsini na kitu, miwani yake imefungwa kwa uzi nyuma ya kichwa. Yeye hakutoka mbali. Babu zake walizikwa Kasongo na babu wa babu zake pia, na msikiti aliokuwa akiswalia ndio ule alioingizwa akiwa mtoto wa mgongoni. Kila siku baada ya chakula cha mchana alitandaza makaratasi yake ya ramani juu ya meza kabla Consolée hajapata nafasi ya kuifuta, na Consolée alilazimika kusimama na kitambaa mkononi akingojea.

Ndivyo alivyoyaona. Mistari ya rangi ya kahawia, myembamba kama unywele, imezungukana karatasi nzima.

"Papa Iliasi, hizi njia zote zinaenda wapi? Zinazunguka tu, hazifiki."

Iliasi akacheka. "Hizi si njia, mama. Hii ni milima. Kuna bukari imebaki?"

Consolée akaleta sahani yenye bonge la bukari, ugali wa muhogo, lililopoa. Iliasi akachukua kijiko, akakwaruza mstari kulizunguka bonge lile karibu na chini, kidole kimoja juu yake akakwaruza wa pili, kisha wa tatu, mpaka kileleni.

"Sasa inama, uitazame kutoka juu, kama ndege."

Akainama. Na kweli, bonge likatoweka, ikabaki mistari inayozungukana, mmoja ndani ya mwingine. Upande ambao Consolée alikuwa ameusimamisha kwa mwiko, mistari ilibanana; upande ulioteleza, ilikaa mbalimbali.

"Ikibanana, utapanda ukitweta," Iliasi alisema. "Ikiachana, hata baiskeli yenye mzigo inapita. Buluu ni maji. Kijani ni pori. Hiyo yote ni kazi ya Mungu. Nyeusi ni kazi ya watu: njia, daraja, kanisa, nyumba. Hizi nukta ni vijiji."

Consolée aliinuka pale mezani, lakini kitambaa hakukitumia. Aliuliza taratibu, "Na kijiji kisichokuwako tena?"

"Hii karte ni ya wakati wa Wabeleji, mama. Ilichorwa wewe hujazaliwa. Kijiji kikifa, karte haipati habari."

Siku hiyo meza ilichelewa kufutwa.

*

Consolée alikuwa na miaka tisa vita vilipokuja. Kijiji chao kiliitwa kwa Musafiri, mahali fulani kati ya Kabambare na Salamabila, ndani, mbali na barabara. Asubuhi waliposikia risasi, baba yake alimshika mkono, na mama yake, Faila, alifunga kanga na kutoka nao mpaka mwisho wa ua. Hapo akasimama. Nyanya alikuwa ndani, miguu imekufa, hawezi kutembea wala kubebwa mbio.

"Tangulieni," mama alisema. "Mimi na mama tutakuja polepole."

Siku kumi na moja walitembea porini, yeye na baba, mpaka Kasongo. Baba alipata kibarua cha kukoboa mpunga. Kila siku ya soko alikwenda kusimama pale njia ya Kabambare inapoingilia mjini, akitazama wanawake wanaofika na vikapu, uso kwa uso. Mwaka wa elfu mbili alipata ujasiri, akarudi peke yake hadi Kabambare. Aliwakuta watu waliomwambia kwamba vijiji vya ndani vyote viliungua, hakubaki mtu. Alirejea Kasongo na kichwa kimenyolewa kama mfiwa. Tangu siku ile hakulitamka tena jina la mkewe, na miaka saba baadaye akamfuata kaburini, bila kumwonyesha binti yake njia hata kwa kidole.

Consolée alikua, akaolewa, akazaa, akaachwa, akalea. Hakufa njaa na hakukosa rafiki. Lakini wanawake wenzake, wakikaa kuchagua mchele na mmoja akiulizwa kwao ni wapi, huinua kidevu na kuelekeza: kule. Yeye alikuwa hajui ainue kidevu upande gani. Aliwauliza waendesha moto, zile pikipiki za mizigo, wanaotoka Salamabila, "Mnajua kwa Musafiri?" Walimjibu kwamba Musafiri ni wengi kama mawe. Kuna usiku aliota anachota maji, akaamka mikono imekunjwa kama imeshika kibuyu, na hakuweza kusema maji yale yako wapi duniani.

Haya yote alimwambia Iliasi, si kwa siku moja. Mengine alimwambia akimenya mihogo, mengine akimwaga maji machafu.

Iliasi alitafuta kwa Musafiri kwenye karatasi zake tatu, hakukuona. "Sishangai," alisema. "Vijiji vya huko vinabeba jina la shefu. Shefu akikufa, jina nalo linahama. Tuache jina. Niambie kitu unachokumbuka ambacho mutu hawezi kukibadilisha. Jua lilikuwa linatokea wapi?"

Consolée akafikiri. "Lilichelewa. Watu wote wako shambani na ua wetu bado uko na baridi. Kulikuwa na mlima."

"Basi mlima uko mashariki, na uko karibu, na ni mkali. Maji?"

"Tulishuka kuchota. Mto ulipita chini ya mlima. Ulikuwa unapiga kelele mahali fulani, unaanguka kwenye mawe. Nilikuwa nalala nikisikia." Akaongeza, "Na kwenda kanisani tulivuka mto mara mbili. Mama alikuwa ananibeba mara ya kwanza, mara ya pili ananiambia mimi ni mukubwa sasa, nivuke mwenyewe."

"Mara mbili mto mmoja?"

"Mto mmoja."

"Basi mto unapinda, na njia inakata." Iliasi aliandika. "Kazi ya watu?"

"Sakafu ya sementi. Tulianika mpunga pale. Nyanya alikuwa anapaita kwa pamba."

Iliasi akavua miwani. "Wakati wa Wabeleji watu walilazimishwa kulima pamba. Walijenga hangari za kupimia. Hiyo inaweza kuwa kwenye karte."

Walitafuta wiki mbili, kwa saa ile moja ya baada ya chakula. Iliasi alikuwa na kazi yake ya kufanya, na milima iliyo mashariki ya kijiji ni mingi. Mara tatu alisema, "Labda hapa," na mara tatu mto haukupinda inavyotakiwa.

Alasiri moja alikwenda msikitini, akaacha karatasi ya pili wazi mezani. Consolée akachomoa kijiti cha ufagio, akaanza kuufuata mstari wa buluu kuanzia chini, polepole, kama anavyochambua mchele. Kijiti kikafika mahali mistari ya kahawia ilipobanana upande wa kulia mpaka ikawa kama doa. Buluu ilijibana chini yake. Ilikatwa na alama ndogo ya mlalo, ile Iliasi aliyomwambia ni maporomoko. Juu kidogo buluu ilipinda kama kiwiko, na mstari mweusi wa njia ukaikata mara moja, ukaikata tena. Mwisho wa njia, msalaba. Mwanzo wa njia, kisanduku cheusi chenye neno la Kifaransa lililofifia, na kando ya kisanduku, nukta nne.

Alisimama amekibana kijiti pale pale, hakuthubutu kuinua mkono, akiogopa kwamba akipepesa macho mahali patampotea tena kati ya ile mistari. Sufuria ikaanza kunuka kuungua. Aliiacha iungue.

Iliasi aliporudi alimkuta hivyo. Akainama. Akasoma kwa sauti jina lililoandikwa chini ya nukta: "Pene-Kalanda."

"Silijui jina hilo," Consolée alisema.

"Hata mimi. Sisemi ndiyo, mama. Karatasi ni karatasi." Lakini alichukua rula, akapima kutoka Kabambare, akapima mara ya pili, na sauti yake ilikuwa imebadilika. "Kutoka barabarani ni saa tatu, nne za miguu. Kiangazi tunakwenda huko kupima. Tutahitaji mpishi."

*

Walitoka Kasongo mwezi wa saba, moto nne, sufuria zikigongana nyuma ya Consolée. Walilala Lusangi, wakalala Kabambare. Siku ya nne, wenzao walipobaki wakipima daraja lililovunjika, Iliasi akamwomba mkubwa wao ruhusa ya siku moja, akaingia porini na Consolée, karatasi ikiwa ndani ya nailoni shingoni mwake.

Kwa muda mrefu Consolée hakutambua kitu. Majani marefu, vichuguu, pori lililoungua na kuacha majivu. Kisha njia ikapanda kigongo, miti ikaachana, na mlima ukasimama mbele yao.

Hakuukumbuka kwa kichwa. Miguu ndiyo iliyoukumbuka, ikagoma. Ulikuwa na bega moja lililoshuka, kama mtu anayebeba ndoo upande mmoja. Consolée akasema, "Ndio huu," kisha akasema tena, kwa sauti ya mtoto, "Papa Iliasi, ndio huu."

Walishuka karibu wakikimbia. Lakini chini, mahali karte ilipoonyesha maji, hapakuwa na maji. Palikuwa na mawe makavu na mchanga mwekundu. Hakuna kelele ya maporomoko. Consolée alisimama kwenye mawe yale, na yote aliyokuwa ameyabeba tangu Kasongo yakamwanguka. "Si hapa. Tumepotea. Kwetu kulikuwa na maji."

Iliasi alizungusha dira, akatazama mlima, akatazama karatasi. "Tuko hapo hapo. Mlima hauhami, mama. Mto wanaweza kuuhamisha. Sikiliza."

Akasikiliza. Nyuma ya mlima, mbali kidogo, mashine ya kuvuta maji ilikuwa ikinguruma.

Waliufuata mto uliokufa kwenda juu. Wakafika kwenye miamba mirefu, mieusi, laini, ambako maji yalikuwa yakianguka zamani. Mjusi alikuwa akiota jua. Na juu ya miamba wakaliona lile eneo lote: mahema ya shitingi za nailoni, mashimo, lundo la udongo, wanaume waliopakaa tope mpaka kwenye nyusi. Wachimbaji walikuwa wamekata mfereji na kuuzungusha mto nyuma ya mlima ili waoshe dhahabu.

Kazi ilisimama. Mtu aliyekuwa na kofia ya buluu akawajia, na wengine wakamfuata wakiwa na makoleo. Alikuwa Katembo, mkubwa wa mashimo, mtu wa Lubero kwa lafudhi yake. Hakuwatazama wao. Aliitazama nailoni iliyokuwa shingoni mwa Iliasi.

"Hiyo ni karte," alisema. "Karte ikija, nyuma yake wanakuja askari, na kampuni. Lete hapa."

"Mimi ni mutu wa barabara, ndugu yangu," Iliasi alisema. "Sina shida na dhahabu yenu."

"Kila mutu anasema hivyo. Lete."

Mkono wa Katembo ulikuwa tayari umeshika nailoni, na Consolée akajikuta amesimama katikati yao.

"Karte ni yangu," alisema. "Ninamtafuta mama yangu."

Katembo akashangaa. "Mama yako anachimba hapa?"

"Alibaki hapa mwaka wa tisini na nane. Nilikuwa na miaka tisa."

Wale wanaume wenye makoleo walitazamana. Kila mmoja wao alitoka mahali fulani, na kila mmoja alikuwa na mtu aliyebaki. Katembo akaachia nailoni. Akageuka, akamwita kwa sauti mwanamke aliyekuwa akiuza mihogo ya kuchemsha kwenye mahema: "Mama Latifa! Njoo! Wewe ndiwe mwenyeji."

Mama Latifa alikuja polepole, mwanamke mzee, mkavu, akifuta mikono kwenye kitenge. Alimtazama Consolée usoni, akashuka mpaka miguuni, akarudi usoni. Mikono ikasimama.

"Wewe ni mutoto wa Faila."

Jina lile Consolée hakuwa amelisikia mdomoni mwa mtu miaka ishirini na minne.

*

Walikaa kwenye gogo, na Mama Latifa akamwambia yote bila kuzungusha, maana hakuwa mtu wa kuzungusha.

Nyanya alifariki porini wiki ile ile ya kwanza. Faila alimzika, akarudi kijijini na watu wengine sita. Nyumba zilikuwa zimeungua; wakajenga vibanda. Mwaka wa tatu wenzake walichoka, wakahamia barabarani, hata yeye Mama Latifa. Faila peke yake alikataa.

"Tulimbembeleza. Nilimwambia, mama, hapa utaliwa na pori. Alinijibu, 'Mume wangu anapajua hapa. Mutoto anapajua hapa. Nikihama, watanitafuta wapi?' Kila juma nilikuwa namletea chumvi. Kila asubuhi alikuwa anafagia njia, kutoka mlangoni mpaka kivuko cha pili. Njia nzima, na hakuna anayepita. Alikufa na homa, masika ya elfu mbili na nne. Nilimkuta mimi."

Consolée alihesabu. Baba alipofika Kabambare na kuambiwa hakubaki mtu, mama alikuwa hai. Safari ya siku moja ya miguu. Alikuwa hapa, ameshika ufagio, na baba yuko kule ananyolewa kichwa. Na yeye alikuwa Kasongo, darasa la nne, akijifunza kuimba majina ya mito ya Kongo.

Alilia kwa sauti, na hakuna aliyemwambia anyamaze. Iliasi alisogea pembeni, akatandika koti lake, akaswali.

Baadaye Mama Latifa aliwapeleka mahali kijiji kilipokuwa. Michikichi miwili mirefu ilikuwa bado imesimama. Sakafu ya pamba ilikuwapo pia, imepasuka, mti umeota katikati. Nyuma yake, ndani ya kichaka, palikuwa na tuta lililodidimia na mawe matatu kichwani. Shimo la karibu la wachimbaji lilikuwa hatua thelathini tu kutoka hapo.

Katembo aliwafuata. Alivua kofia yake alipoliona lile tuta.

"Msichimbe hapa," Consolée alimwambia. Hakuwa akiomba.

Katembo alitazama shimo, akatazama tuta. "Dhahabu inaelekea huku, mama. Sikudanganyi. Mimi nikiwa hapa, hakuna mutu atapiga sururu. Nikiondoka, siwezi kuapa." Akasimama kidogo, akizungusha kofia vidoleni. Kisha akamgeukia Iliasi, na sauti yake haikuwa tena ya mkubwa wa mashimo. "Papa, Lubero iko kwenye karte yako?"

"Lubero iko mbali kaskazini, ndugu yangu. Iko kwenye karatasi nyingine. Sina."

"Hata kidogo? Hata pembeni?"

Iliasi akafungua karatasi yote, akamwonyesha ukingo wa juu, pale mistari ilipokatika kwenye weupe. Katembo alipatazama sana ule weupe, akavaa kofia yake, akarudi kazini.

Jioni ile walilazimika kurudi barabarani. Lakini kabla ya hapo Consolée na Mama Latifa walifyeka kichaka, wakaokota mawe ya mtoni, yale laini, wakalizungushia tuta. Iliasi alibeba mawe mengi kuliko wao wote, akihema, miwani ikining'inia.

*

Barabara haikufika mbali mwaka ule. Mradi ulifunga nyumba, mafundi wakatawanyika, na Iliasi akarudi kwenye ualimu wake wa zamani. Consolée alianza kuuza bukari na samaki karibu na soko. Watu walimwona kama alivyokuwa, ila jirani yake Deborah alisema kwamba sasa anapoimba akipika hukatiza wimbo katikati na kutazama mbali.

Kiangazi kilichofuata alipanda moto mwenyewe. Alimkuta Katembo ameshaondoka, hakuna aliyejua kwa uhakika ni wapi. Wachimbaji wapya walikuwa wengi, na shimo lilikuwa limesogea mpaka hatua kumi na mbili. Hapo lilikuwa limesimama, kwa sababu Mama Latifa alikuwa amehamisha meza yake ya mihogo, akaiweka kati ya shimo na kaburi, na hakuna mchimbaji aliyetaka kugombana na mtu anayempa chakula.

Consolée alikaa naye kwenye sakafu iliyopasuka, miguu imenyooshwa. Alikuwa amemletea chumvi, sabuni na kitenge. Walipokwisha kula alisema, "Mama, mwaka jana uliniambia haraka. Leo niambie polepole. Miaka sita yote. Alikuwa anakula nini? Alikuwa anasema nini akikasirika? Alikuwa amenenepa, alikuwa amekonda? Alikuwa anazungumza na nani?"

Mama Latifa akacheka kidogo, akashika tama. "Miaka sita ni mingi, mwanangu."

"Niko na siku mbili."

Basi akaanza. Alianza na mwezi ule wa kwanza, kibanda cha majani, Faila akitwanga mhogo kwenye kinu kilichoungua nusu. Jinsi alivyokuwa akimtukana panya. Jinsi alivyopanda mpunga kwa tarehe ile ile mumewe aliyozoea kupanda, akigombana naye hewani kwamba ni mapema mno. Jinsi alivyoota kwamba binti yake amekua na meno yamepangana vizuri. Consolée alifungua mdomo wake, akagusa meno yake kwa kidole, bila kujua kwamba anafanya hivyo.

Siku ya pili, jua likiwa limeshapita utosini, mwenye moto akaanza kupiga honi kutoka kule juu kwenye kigongo. Akapiga tena. Hadithi ilikuwa imefika mwaka wa pili tu, msimu wa mvua, Faila anaezeka paa upya na majani hayatoshi. Consolée alisimama, akapangusa kitenge, akamshika yule mama mkono.

"Majani alipata?" aliuliza.

"Alipata," Mama Latifa alisema. "Lakini alikwenda kuyakata mbali. Hiyo nayo ni habari ndefu."

Honi ikalia mara ya tatu. Consolée akaanza kupanda kigongo, akigeuka kila hatua chache.